Nani Alipanda Juu Kabla ya Masika?

Assalamu alaykum. Walimu wangu, mafundi, na nyinyi vijana mnaojifunza uashi, ahsanteni kwa kuja na jua hili.

Nimeombwa nizungumze juu ya Beit el Mtoni, hili gofu la kasri la Sayyid Said tulipokusanyika leo. Aliyeniomba alitaka niwataje wenyewe wake mmoja baada ya mwengine: nani alijenga, nani alirithi, nani aliiacha. Nitawataja, inshallah. Ila mimi ni mtoto wa fundi wa chokaa, na mtoto wa fundi akiingia nyumba ya mtu haulizi kwanza hii ya nani. Anaangalia dari. Marehemu baba alikuwa na tabia hiyo hata kwenye harusi na maziko. Ataitikia salamu huku macho yako kwenye boriti, kisha atamsogelea mwenye nyumba na kumuuliza polepole: "Mwaka huu nani alipanda juu kabla ya masika?" Akijibiwa kwa jina la mtu, huridhika. Akijibiwa kwamba familia inashauriana, hutikisa kichwa, na safari ya kurudi nyumbani tunaimaliza kimya.

Swali lile ndilo nitakalolitumia leo. Kila mwenye nyumba tutakayemtaja hapa Mtoni, tutamuuliza hilo.

Kwanza tukumbushane nyumba ya mawe ya Unguja inasimamaje, maana baadhi yenu mmezoea matofali na nondo. Ukuta wake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Ni mnene, unaweza kumlaza mtoto dirishani. Juu ya kuta hupangwa boriti za mikoko, juu ya boriti mawe madogo, na juu ya mawe chokaa iliyopondwa kwa magongo siku nyingi mpaka ishikane. Boriti ya mkoko haina urefu wa kupita kiasi, kwa hiyo chumba hakiwi kipana kuliko mti ulivyo. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, hata vya wakubwa. Sultani alikuwa na mali ya kununua marikebu, lakini upana wa chumba chake uliamuliwa na mti uliokatwa kwenye matope ya mikoko.

Udhaifu wa nyumba hii uko mahali pamoja, na hapaonekani. Ni ncha ya boriti, ile inayoingia ndani ya ukuta. Maji yakipata ufa mdogo juu, hayadondoki sebuleni ukayaona. Yanateremka ndani ya ukuta, yanakaa pale kwenye ncha, na mti unaoza gizani. Katikati boriti ni ngumu kama chuma, ukiigonga inalia vizuri. Baba alikuwa na msumari mrefu alioufunga kitambaa mwishoni. Alipanda ngazi, akauweka msumari pale boriti inapokutana na ukuta, akausukuma kwa kidole gumba. Ukikataa kuingia, hushuka na kunywa chai. Siku moja, katika nyumba moja ya mjini, niliuona ule msumari ukiingia wote mpaka kwenye kitambaa, bila sauti, kama unaingia kwenye boga lililopikwa. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Baba hakusema neno. Alishuka, akawaambia waliokuwemo wabebe watoto watoke.

Basi kupanda juu kabla ya masika, kutafuta nyufa na kuziziba kwa chokaa, ndiyo ada ya nyumba hizi, mwaka kwa mwaka. Ukiiruka miaka mitatu hutaona kitu. Ukiiruka kumi, utaona.

Sasa tuje Mtoni.

Jina lenyewe lina habari. "Beit", yaani nyumba kwa Kiarabu, imekuja na jahazi kutoka Maskati. "Mtoni" ilikuwepo, kwa sababu mto ulikuwepo na watu waliokuwa wakiteka maji walikuwa wakiuita hivyo. Nyumba ikaja baadaye ikajipachika kwenye jina la mto. Kabla ya kuwa kasri hapa palikuwa shamba, na mwenye shamba anayetajwa ni Saleh bin Haramil, Mwarabu wa Oman ambaye wanahistoria humpa sifa ya kuwa miongoni mwa wa mwanzo kuleta mkarafuu kisiwani. Alikuwa na mashamba hapa Mtoni na kule Kizimbani. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, na mashamba ya Saleh yakatwaliwa yakawa ya mtawala. Tuliseme wazi hilo: nyumba hii ilianza juu ya ardhi iliyochukuliwa kwa mtu. Kila mara tunapolalamika kwamba imeporwa na huyu au yule, tukumbuke mporaji wa kwanza ndiye aliyeijenga.

Nyumba yenyewe ilipanda kuanzia mwaka ule wa 1828 hadi miaka ya mwanzo ya 1830. Tuna bahati kubwa, kwa sababu mtoto mmoja aliyezaliwa humu aliandika. Sayyida Salme bint Said alizaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844. Akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake. Humo tunaiona nyumba kwa macho ya mtoto. Ua mkubwa kama uwanja, na ndani yake tausi, paa, kanga, heroe, mabata na mbuni, wote wanatembea huru na watoto wanakimbizana nao. Upande wa mwisho wa ua, mahamamu mengi, na watu wanaingia na kutoka tangu alfajiri. Mto unapita ubavuni na kumwagika baharini. Na mbele, kuelekea bahari, kibaraza cha duara walichokiita benjile, ambako Sayyid Said alikuwa akitembea huku na huko peke yake, kichwa kainamisha, akichechemea kwa sababu ya risasi iliyobaki pajani mwake tangu vitani. Palikuwa na darubini ya kutazamia bahari. Alikaa Mtoni siku nne kwa wiki, zilizobaki alikuwa mjini. Bi Azze bint Seif, mkewe mkubwa, ndiye aliyekuwa na amri ya nyumba.

Salme anakadiria kwamba watu waliokaa Mtoni walizidi elfu moja. Nataka mlisimamie neno hilo kidogo. Elfu moja. Familia ya Sultani, wake na masuria na watoto, hata ungeihesabu kwa ukarimu vipi, haifiki huko. Waliobaki wote ni watumwa na watumishi: wachota maji, wapishi, wanyweshaji wa farasi, mayaya, wapiga makasia, mafundi. Kwa hiyo nani alipanda juu kabla ya masika enzi ya Sayyid Said? Sultani hakupanda. Walipanda watu ambao majina yao hayamo katika kumbukumbu za yeyote. Mikono yao ndiyo iliyoponda ile chokaa kwa magongo. Nyimbo za kupondea zilikuwepo, baba alizijua mbili tatu, na ni za kazi, za kushindana, kundi hili linaanza na lile linaitikia. Nikisikia mtu anaita pale "nyumba ya Sayyid Said" sikatai, hati ni yake. Lakini mimi moyoni naihesabu kuwa ni nyumba ya watu elfu.

Sayyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akitoka Maskati, melini mwake. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kufa, ingawa kwa macho ilikuwa nzima. Watoto wake waligawana dola: Thuwaini Oman, Majid Unguja, kisha ugomvi wa ndugu na ndugu ambao kwenu ni somo la skuli. Mwaka 1872 kikapiga kile kimbunga kikubwa, mikarafuu ya Unguja ikang'oka kwa maelfu, na mashamba yaliyokuwa yakilisha majumba kama haya yakayumba. Barghash, mtoto wake mwengine, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa mjenzi hasa, lakini alijenga vyake. Akajenga kasri la Chukwani. Akajenga Marahubi, hapa hapa jirani, mtu anaweza kutembea kutoka Mtoni kwa miguu. Mwaka 1883 akasimamisha Beit al-Ajaib mjini. Mwenye pesa na mafundi alikuwepo, tena karibu. Ila hakulala Mtoni. Na paa la nyumba usiyolala ndani yake halikuamshi usiku wa mvua.

Mwaka 1885 Salme alirudi na meli za Wajerumani akaja kuiona nyumba aliyozaliwa. Alichokikuta amekiandika kwa uchungu ambao mpaka leo ukiusoma unaukunja uso. Ngazi moja imetoweka. Nyengine imeota majani na imelegea, kuipanda ni kuhatarisha roho. Zaidi ya nusu ya nyumba imeanguka. Yale mahamamu yaliyokuwa yakijaa watu hayana paa. Yeye alikuwa na umri wa miaka 40 tu, na nyumba ilikuwa haijafika miaka 60.

Hesabuni nanyi. Tangu kufa kwa Said hadi siku ile ni masika 29. Hakukuwa na vita hapa, wala mzinga uliopigwa Mtoni. Ni mvua ishirini na tisa tu, na hakuna aliyepanda.

Yaliyofuata nitayapita haraka, kwa sababu kwa upande wa ufundi hayana mengi. Karne ya 20 ilipoingia, sehemu iliyobaki ilifanywa ghala. Ghala nalo ni matumizi, wala sio ya aibu. Bidhaa zinataka mahali. Lakini mwenye ghala hutazama mzigo wake. Paa likivuja anausogeza mzigo upande wa pili, basi. Mwaka 1914 moto ukaunguza. Vitabu vinaandika kwamba moto ndio ulioliangamiza kasri la Mtoni, na watalii wanaambiwa hivyo hivyo. Mimi nasema moto ulimaliza kazi iliyoanzwa na maji. Ulikuta boriti zimekwisha kuozea ukutani, ukala kilichobaki. Baadaye matangi ya mafuta yakaja kukaa jirani, mpaka leo mnayaona. Na katika miaka yetu hii kukawa na juhudi za kuhifadhi, hasa upande wa hamamu, na jioni za taarab uani pale pale walipokuwa wakizurura mbuni. Niliwahi kuja moja ya jioni hizo. Kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab, ilipoanza kulia, upepo wa bahari ukapita ndani ya matao, na bibi mmoja aliyekaa karibu yangu akanishika mkono bila kunijua. Ndiyo tuseme kwamba nyumba ilirudi kutumika, japo kwa saa tatu za usiku.

Sasa nataka tutoke kidogo nje ya Mtoni, maana barabara hii ya kwenda Bububu na Kidichi imejaa mifano.

Nendeni Kidichi, mtalikuta hamamu la mwaka 1850 ambalo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi. Makuba yake yamesimama na maua ya lipu yanaonekana ukutani. Nyumba iliyokuwa pamoja nalo haipo. Nendeni Marahubi, iliyoungua mwaka 1899: hamamu limebaki, na nguzo nene za duara, na mabirika. Njooni hapa Mtoni: hamamu. Kwenye magofu yote haya matatu, kilichobaki hakikosi mahali pa kuogea. Nilipokuwa kijana nilidhani ni sadfa. Baba akanionyesha: "Tazama juu. Kuna boriti?" Hakuna. Hamamu huezekwa kwa kuba, mawe na chokaa vinajibeba vyenyewe, kwa sababu mvuke ungeozesha mti. Hapana ncha ya boriti ndani ya ukuta, kwa hiyo hapana mahali pa maji kujificha. Mafundi wale walilijengea maji, na maji yakashindwa. Hata pale makuba yalipopata jeraha, kuta zake hazikukokotwa chini na boriti zinazooza. Hilo ndilo somo la uashi ninalolipenda kuliko yote kisiwani, na lipo dakika chache kutoka kituo cha daladala.

Kisha angalieni Kibweni, barabara hii hii. Kasri lile lilijengwa mwaka 1915 kwa Sayyid Khalifa bin Harub. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likabadilisha mwenyewe kabisa: kutoka kwa Sultani kwenda kwa Serikali, likawa moja ya nyumba za Ikulu. Siasa za mwenye nyumba wa kwanza na wa pili ni mbingu na ardhi. Ila matumizi hayakukatika. Mgeni akitarajiwa, mtu hutumwa juu. Limesimama.

Na Beit al-Ajaib. Sitaki kulizungumza kwa wepesi kwa sababu watu wawili walikufa. Tarehe 25 Disemba 2020, nyumba iliyokuwa ya kifalme, ikawa ofisi za serikali ya kikoloni, ikawa ya chama, ikawa makumbusho, ilianguka upande mmoja mchana kweupe, wakati kazi ya matengenezo inaendelea. Nilikuwa Forodhani siku ya tatu yake. Vumbi la chokaa lilikuwa bado kwenye majani ya miti. Watu wazima walikuwa wamesimama wakilia, na wengi wao hawakuwahi hata kuingia ndani. Nyumba ile ilipita mikono mingi, na kila mkono ulikuta deni la mkono uliotangulia, ukalikabidhi mbele likiwa kubwa zaidi.

Kuna jambo la nyumbani kwetu ambalo inanibidi niliseme, kwa kuwa nawaambia vijana wa ufundi. Nyumba ya bibi yetu mzaa mama ilikuwa ya mawe na chokaa, ya urithi, wenyewe tulikuwa tisa. Baba alipokuwa hai alipanda kila mwezi wa pili. Alipofariki tukakubaliana kuiweka sawa mara moja tusisumbuke tena. Tukamleta kontrakta, akaipiga lipu ya saruji nje na ndani, ikang'aa. Watu wakatupongeza. Saruji haipumui. Unyevu uliokuwa ukitoka ukutani kwa miaka mia ukafungiwa ndani, ukapanda, ukazifikia boriti. Mwaka wa nne lipu ilianza kufanya tumbo. Mwaka wa sita dari la chumba cha nyuma likashuka, alhamdulillahi usiku ambao chumba kilikuwa kitupu. Nilikwenda na ule msumari wa baba. Niliujaribu kwenye boriti kumi na moja, na tisa ziliupokea. Mimi ni mtoto wa fundi wa chokaa, na niliitia sahihi ile kazi ya saruji. Naona uchungu mpaka leo, na ndiyo sababu nikiitwa kuzungumza siku hizi sikatai.

Kwa hiyo mkiniuliza Mtoni ifanywe nini sasa, kwa sababu najua swali hilo linakuja, nina jawabu langu. Sitaki ijengwe upya iwe kasri. Tutalijenga kwa saruji, tutalipaka rangi, tutaweka tausi wawili wa kukodi, na baada ya miaka sita lipu itafanya tumbo. Wala sitaki iachwe tu kwamba gofu linapendeza kwenye picha. Mawe ya gofu yana tabia ya kutembea usiku kwenda kuwa msingi wa nyumba nyengine. Ninachokitaka ni matumizi yatakayomfanya mtu awe na sababu ya kupanda. Kwa fikra yangu, hakuna matumizi yanayofaa kuliko haya mliyoyaanza nyinyi: skuli ya mafundi. Uani pachimbwe shimo la kulowekea chokaa. Ukuta mmoja muwe mnaufungua na kuufunga kila mwaka, mwanafunzi ajue ndani kuna nini. Na kwenye kibao cha mlangoni, chini ya jina la Sayyid Said na jina la Sayyida Salme, paandikwe kwamba hapa waliishi watu zaidi ya elfu, wengi wao watumwa, na kwamba wao ndio walioponda chokaa hii.

Saleh bin Haramil naye atajwe. Ni haki yake.

Sasa jua limeteremka na maji yanakupwa, ndio wakati mzuri. Tutaanza na ukuta ule wa upande wa bahari. Mkitazama juu mtayaona matundu yamepangana mstari mmoja. Pale ndipo ncha za boriti zilipokuwa zimekaa. Kila mmoja achague tundu lake, aingize mkono, aniambie amegusa nini: mchanga, unga wa mti, au chokaa kavu. Wale wenye daftari waandike. Halafu tutavuka ua twende hamamuni, na huko hakuna matundu, mtaona wenyewe. Ngazi nimeileta, iko pale chini ya mwembe. Nani anapanda wa kwanza?